Akiba ya Kidakani

Kidaka cha tatu kutoka juu, kando ya mlango wa ndani,
mavyaa wangu Bi Zena hakuweka kauri wala marashi.
Aliweka nusu.

Nusu ya kwinini, chupa ya kahawia,
ile iliyomfanya marehemu mumewe
asikie mvumo masikioni mchana kutwa
na kuuliza nani anatwanga.
Nusu ya klorokwini, iliyotoa homa ikaacha mwasho:
watu wazima wakijikuna ukutani kama punda wa Mkomani
mpaka chokaa ikawachubua migongo.
Zile tatu za kumeza kwa mpigo, moja imebaki
(nani alimeza mbili akaona zatosha?)
na majani ya mwarobaini, makavu,
hayana hata uchungu tena.

Haba na haba, husema Bi Zena.
Lakini kibaba hiki, kwa miaka yote hiyo,
hakijawahi kujaa dozi ya mtu mmoja.

Jumanne asubuhi Lali alitetemeka juani.
Zahanatini, Sista Nyevu akamdunga kidole,
tone likanyweka kwenye kipimo,
tukangoja.
Mistari miwili.
Akampima uzito mara mbili, mara ya pili bila viatu.
Kilo kumi na sita.
"Viwili sasa hivi. Viwili saa kumi na mbili jioni, usipitishe.
Kesho na keshokutwa, saa nne na saa nne.
Mpe na kitu chenye mafuta.
Akitapika kabla ya nusu saa, rudia, kisha uje nikuongeze.
Na akipona, endelea kumpa.
Hapo ndipo mnaponishinda, mama Lali. Akipona."

Akapona Jumatano.
Alhamisi alimkimbiza paka wa jirani hadi barazani,
akarudi na kucha tatu mkononi, anacheka.

Saa nne usiku.
Vidonge viwili vya manjano kiganjani mwangu,
mtoto amelala, ana jasho la kawaida,
jasho la mchezo.
"Mwate alale," akasema Bi Zena. "Mtoto umepowa.
Zidonge hizo zitie kidakani, zitamfaa mwenziwe."

Nusura nimsikilize. Nilikuwa na usingizi wa siku tatu.
Nikapeleka mkono kidakani gizani,
nikagusa bahasha ya kaki, ngumu kwa ukale.
Kwa kalamu ya wino: KUPI. 1 x 2.
Ndani, vidonge vitatu.

Kupi simjui. Namjua kwa picha moja
ambayo mume wangu huipita bila kuitazama.
Homa ilimtoka, nyumba ikafurahi,
ikaweka akiba.
Kumbe homa ilikwenda uani tu kunywa maji.
Iliporudi
haikumngoja mtu afike kidakani.

Nikamwamsha Lali.
Akalia, akanipiga teke la kifua, akatema.
Nikaviokota mkekani, nikaviponda kwa mgongo wa kijiko
ndani ya maziwa mazito.
Kijiko cha kwanza kwa vitisho,
cha pili kwa ahadi ya kaimati,
cha tatu sijui kwa nini alikubali.
Kisha nikakaa nusu saa nikilitazama koo lake
kama mtu alindaye chungu kisifurike.

Hakutapika.
Nikaiinua karatasi ya fedha kwenye taa:
vishimo kumi na viwili, vyote vimepasuka,
mwanga unapita.

Ndipo nikachukua mfuko, vya kumrudishia Sista Nyevu,
nikaanza kukomba kidaka.
Chupa. Klorokwini. Ile moja ya mpigo. Majani.
Bi Zena ananitazama, tasbihi imesimama kidoleni.

Nilipofika kwenye bahasha ya kaki
akanyoosha mkono.
"Iyo niatia," akasema.
"Iyo si dawa."